Sanduku Lisilo na Tundu

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo nimeshusha vitu vyote kutoka darini mwa gereji. Makreti kumi na manne, ngazi mbili, na buibui wengi kuliko taa. Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya Patrice Lindquist, mwenyekiti wetu wa chama cha wapenda taa hapa mjini Erie, kando ya ziwa. Amenisema mwaka mzima kwamba mtu mwenye balbu elfu kumi na moja asiyeandika chochote anajitafutia wazimu. Haya, ninaandika. Daftari ni la taa, si la mambo mengine.

Basi kwa kumbukumbu: bodi inayoongoza taa, transfoma mbili, na kidude kinachorusha sauti kwenye redio za magari, vyote hukaa nje kwenye sanduku moja la plastiki chini ya dirisha la sebule. Bodi inasoma onyesho zima kutoka kwenye memori kadi moja. Nyumba huwa giza kwanza. Watu wakiwa garini husikia sauti ya Maura ikiwakaribisha, halafu taa zinawaka na muziki unaanza.

Maura ni binti yangu. Alirekodi maneno yale akiwa na miaka tisa. Alifariki akiwa na kumi na moja, kwa saratani ya damu, na sasa ni miaka kumi na moja na miezi minane tangu aondoke. Nimeshasema daftari ni la taa, kwa hiyo naishia hapo.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Nimejaribu nyuzi za taa sebuleni. Saba zimekufa, panya amekula moja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Colleen amepiga simu kazini. Nilikuwa chini ya basi la shule namba 22, mafuta hadi viwikoni, na kijana wa ofisini akapaza sauti karakana nzima kwamba mke wangu yuko kwenye simu. Si mke wangu, tuliachana mwaka uliofuata baada ya Maura. Ana mume mwingine sasa, Wendell, mtu mpole wa bima ambaye sijaweza kumchukia ipasavyo.

Alitaka kile anachotaka kila mwaka, nakala ya sauti. Nikamwambia nina kazi, nitaona nikishafunga taa. Akauliza kama hilo ni ndiyo. Nikasema ni nitaona.

Kompyuta iliyokuwa na sauti ile ilikufa miaka minane iliyopita na nikaitupa. Sauti imebaki kwenye kadi peke yake. Kunakili ni kazi ya dakika mbili, hata mimi najua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku nzuri. Nimenunua sanduku jipya, la kijivu, mfuniko wake wa plastiki inayoonyesha ndani, gasketi nene kama ya injini. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka maji yaliingia kwenye lile la zamani, nikakuta tone limekaa nusu inchi kutoka kwenye kadi. Sikulala siku mbili. Mwaka huu sitaki mchezo. Nimepaka gundi ya silikoni kuzunguka mfuniko wote. Nimepaka kila mahali waya unapoingia. Chini yake, kiwandani walikuwa wameacha tundu dogo, upana wa penseli, nikaliziba nalo. Nimetupia ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tisa, nimevikusanya tangu kiangazi. Nimetumia tyubu tatu nzima. Hata pumzi haipiti hapo.

Jumapili, 20 Oktoba

Mkutano wa chama kwenye ukumbi wa zimamoto. Kahawa mbovu, donati nzuri. Nimeonyesha picha ya sanduku kwa kiburi kidogo, na badala ya pongezi wakacheka. Patrice hakucheka. Alinivuta pembeni karibu na meza ya kahawa.

“Denny, tundu la chini liko wapi?”

“Nimeliziba.”

“Kalizibue. Sanduku linapumua. Taa zikiwaka ndani kunapata joto, hewa inatoka. Zikizimwa kunapoa, linavuta hewa ya nje, na hewa ya mji huu ni maji matupu. Huwezi kuyazuia yasiingie, utafute namna ya kuyatoa.”

Nikamwambia gasketi yangu ni ya daraja la juu. Akasema waya wenyewe unapitisha hewa ndani ya ngozi yake, hakuna gasketi ya kuzuia hilo, na kwamba yeye ana miaka sabini na mmoja na amezika bodi nyingi kuliko nilizonazo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaniambia, akaenda kuchukua donati yake.

Mimi ni fundi wa mabasi. Miaka thelathini na minne nazuia maji yasiingie mahali. Sitoboi tundu kwenye sanduku alimo Maura.

Jumatatu, 28 Oktoba

Upepo. Sikupanda ngazi.

Jumapili, 3 Novemba

Gus Mancuso wa nyumba ya pili amekuja kunishikia ngazi. Gus alistaafu kwenye kiwanda cha vichwa vya treni na sasa anashughulika na maisha ya watu. Tumefunga taa za paa lote na nusu ya mti wa mbele. Mkewe alituletea mikate yao iliyojazwa soseji za pepperoni, tukala tumekaa kwenye kibaraza.

Gus akaniuliza kama nimempa Colleen nakala. Sijui nani alimwambia. Nikasema bado.

“Jirani, wewe una shida gani? Yule mama alimzaa.”

“Anaweza kuja kusikiliza kama watu wote.”

“Kama watu wote,” akasema Gus, akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Nilikasirika nikapanda ngazi peke yangu, na akanishikia.

Sasa nimekaa na kalamu, na kwa kuwa hakuna atakayesoma, naandika. Colleen huja kila tarehe 24 Desemba, saa kumi na moja na nusu jioni, giza likishaingia. Anaegesha mkabala na kwa Gus, gari lake la bluu. Hashuki. Anasikiliza onyesho mara mbili, anaondoka. Mimi husimama nyuma ya pazia la jikoni, taa nimezima, namwangalia. Miaka kumi sasa. Hatusalimiani. Lakini kwa dakika ishirini na sita sisi watatu tunakuwa kwenye mtaa mmoja, na mwaka wangu mzima hutembea kuelekea dakika hizo.

Akiipata nakala, atasikilizia kwake. Hatakuja tena. Hiyo ndiyo shida yangu, Gus.

Jumamosi, 9 Novemba

Colleen alikuja gereji, mchana, bila kupiga simu. Nywele amekata fupi, zimekuwa nyeupe kabisa, zinampendeza. Nilikuwa nafunga fremu ya nyota ya taa. Hakukaa. Alinipa bahasha yenye memori kadi mpya ndani, ili nisiseme sina.

Wendell anastaafu. Wameuza nyumba. Januari wanahamia Carolina ya Kusini, karibu na bahari, kwa sababu ya mapafu yake. Alisema yote hayo akiangalia nyota, si mimi.

“Kwa hiyo safari hii nahitaji jibu, Denny.”

Nikamuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, mbona hajawahi kurekodi kwa simu tu akiwa garini. Kila mtu ana simu.

“Nimekaa pale na simu mkononi kila mwaka,” akasema. “Siwezi kumwiba mtoto wangu mwenyewe. Nataka unipe wewe.”

Nikasema sawa. Nikasema nitafanya. Akanigusa begani, kidogo sana, akaenda.

Jumatatu, 11 Novemba

Bahasha iko juu ya friji. Sanduku nimeshalifunga kwa silikoni. Kulifungua ni kukata yote na kuanza upya.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemaliza bustani. Bado uzio. Mgongo unaniua.

Nilisema hofu yangu ni kwamba akiipata hatakuja tena. Sasa najua hatakuja tena kwa vyovyote. Basi kwa nini bahasha bado iko juu ya friji? Nimejiuliza siku nzima nikiwa kwenye uzio. Jibu halipendezi: sitaki aondoke naye. Wendell ana Colleen, Colleen ana bahari, na mimi niwe na nini? Nimeona aibu kuandika hivi lakini sijafuta.

Nitakata silikoni baada ya Krismasi, taa zikishushwa. Ataondoka Januari. Muda upo.

Ijumaa, 22 Novemba

Majaribio. Kila kitu kimewaka. Sauti safi. Nilikaa kwenye pikapu yangu barabarani nikamsikiliza mara nne.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga kwa kina Gus. Nilikula kama mfungwa aliyeachiwa. Wanasema theluji kubwa inakuja kutoka ziwani.

Ijumaa, 29 Novemba

Usiku wa kwanza wa onyesho. Magari tisa tu, kwa sababu saa mbili theluji ilianza kushuka, na haikushuka kama theluji bali kama mtu anamwaga magunia. Tisa yanatosha. Taa za magari zilizimwa moja baada ya nyingine, kama Maura anavyowaambia wafanye, na wote wakakaa gizani wakimngoja amalize.

Jumapili, 1 Desemba

Theluji hadi kiunoni. Barabara imefungwa, shule zimefungwa, mabasi hayatoki. Nimechimba kuelekea kwenye sanduku kwa beleshi. Lilikuwa limezikwa lote na linafanya kazi. Nimempigia Patrice kumjulisha. Nilijivuna, nakiri. Akasema theluji si maji, tungoje iyeyuke.

Jumatano, 4 Desemba

Barabara imefunguliwa. Magari arobaini na moja.

Jumatatu, 9 Desemba

Joto limerudi ghafla. Mvua tangu alfajiri, theluji inaondoka kwa vishindo kutoka juu ya paa, watu wanatembea bila makoti. Nikitoka kazini nilipita kwenye sanduku. Upande wa ndani wa mfuniko umeota matone, madogo madogo, mengi, kama kioo cha bafuni.

Nilijua kuna mahali panavuja. Nikakausha nje kwa taulo, nikakagua kingo zote kwa tochi, nikapata sehemu mbili ambazo silikoni ilikuwa nyembamba kidogo. Hapo hapo nikapaka tyubu nyingine nzima, juu ya ile ya kwanza, na nyingine chini. Ndipo nikampigia Patrice.

“Matone yako ndani au nje?”

“Ndani.”

“Umefungua?”

“Nimeongeza silikoni.”

Akaniambia polepole, kama anaongea na mtu aliye juu ya paa, kwamba maji hayakupenya popote, yalikuwa hewa, na sasa nimeyafungia humo. Zima umeme. Kata mfuniko. Toa kadi leo hii, jioni hii. Kikulacho ki nguoni mwako, Denny.

Nikamwambia mvua inanyesha na siwezi kufungua sanduku kwenye mvua. Akasema shika mwavuli. Nikasema silikoni bado mbichi, kesho. Akasema anaweza kuja yeye mwenyewe, ana drili kwenye gari. Nikamwambia asije.

Magari ishirini na tatu. Onyesho lilikwenda bila kasoro. Niliona nimeshinda.

Jumanne, 10 Desemba

Baridi imerudi kwa nguvu. Basi namba 9 halina breki. Nimerudi nimechoka mno. Matone yamepungua, naona. Kesho.

Jumatano, 11 Desemba

Kesho.

Alhamisi, 12 Desemba

Saa kumi na mbili na robo jioni Maura alianza kuongea na akakatika katikati. Akarudi mwanzo, akakatika tena, mahali pale pale. Mara tano. Nilikuwa nimesimama uani nikiwa na pikapu wazi na redio juu, na magari kama kumi na mawili mtaani, na wote tunamsikia anaanza na kukatika. Mara ya sita hakuanza. Taa zote zikawaka kwa pamoja, nyeupe, zikabaki hivyo.

Nilichomoa plagi. Mama mmoja akashusha kioo akauliza kama ndiyo limekwisha. Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa, 13 Desemba

Sikwenda kazini. Nilikata silikoni kwa kisu tangu kulipopambazuka. Ilinichukua saa nzima kukata kazi yangu mwenyewe, na nilijikata kidole gumba. Mfuniko ulipoachia, hewa ya ndani ilinipiga usoni ikinuka kama chumba cha chini cha nyumba iliyofurika.

Maji yalikuwa yamesimama chini, kina cha vidole viwili. Safi, yametulia, yametoka hewani tone kwa tone tangu Oktoba. Vile vipakiti vya viatu vilikuwa vinaelea. Bodi imeota kutu ya kijani kwenye kila mguu. Kadi ilikuwa mahali pake, na tone limening'inia kwenye ncha yake. Umeme ulipita humo siku tatu au zaidi ikiwa imelowa. Nilipoichomoa, miguu miwili kati ya minane ya shaba ilibaki kwenye bodi.

Nikachukua drili. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nikatoboa tundu chini ya sanduku, la upana wa penseli, na maji yote yakatoka kwa sekunde chache, yakanilowesha magoti, na sanduku likawa kavu. Ilikuwa kazi rahisi kiasi hicho. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, na Gus aliniona kutoka dirishani, akaja, akakaa matopeni pamoja nami. Nimekuwa nikimwona Gus mmbea kwa miaka ishirini. Hakuuliza kitu.

Jioni nilimpelekea Patrice kadi. Aliijaribu kwenye mashine tatu. Nilingoja aseme nilikwambia, nilitaka aseme, ingenisaidia. Alisema tu kwamba kuna maabara huko Pittsburgh inayofufua kadi zilizokufa, na yeye ataipeleka kwa gari lake kesho asubuhi, mimi nisiendeshe.

Jumamosi, 14 Desemba

Patrice amekwenda na kurudi. Masaa manne barabarani, kwenye barafu. Wamesema siku chache.

Jumapili, 15 Desemba

Nimewaomba watu wa mji, kwenye ule ukurasa wa mtaa huko mtandaoni, yeyote mwenye video ya onyesho letu, ya mwaka wowote.

Jumatatu, 16 Desemba

Video kumi na sita zimekuja. Watu wema. Nimezitazama zote. Kila moja inaanza taa zikishawaka. Maura huongea nyumba ikiwa giza, na hakuna mtu anayepiga picha ya giza.

Jumanne, 17 Desemba

Hakuna simu.

Jumatano, 18 Desemba

Hakuna simu. Theluji tena.

Ijumaa, 20 Desemba

Wamepiga. Kijana ana sauti ya adabu, aliniita bwana Orlowski kila baada ya maneno mawili. Wamejaribu njia zote walizonazo. Kilichokuwa kimeandikwa mle kimeungua. Aliuliza kama nina nakala mahali pengine, kwa sababu watu wengi huwa wanayo.

Bahasha ya Colleen bado iko juu ya friji. Nimeichukua, nikaangalia ile kadi mpya, tupu, safi. Nimeichoma kwenye jiko la kuni. Mtaka yote hukosa yote, na mimi sikutaka hata yote, nilitaka tu mwingine asipate.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimekaa kuandika maneno yake kabla hayajapotea. Nimeyasikia mara elfu nyingi, nilidhani nitayaandika kwa dakika moja. Haya hapa:

Karibuni kwetu. Msishuke garini, nje baridi. Zimeni taa zenu ili muone zetu. Baba amezifunga zote tangu Oktoba.

Halafu kuna kitu kingine mwishoni na sikipati. Nimekaa nacho kutwa. Nikamwendea Gus, akasema anakumbuka aliwatakia watu Krismasi njema. Labda. Inawezekana. Lakini nikijaribu kumsikia akisema hivyo, namsikia Gus.

Jumapili, 22 Desemba

Patrice ameleta bodi yake ya akiba na sanduku lake, lenye tundu chini, na ameniwekea onyesho la muziki peke yake. Nilimwambia sitaki taa ziwake mwaka huu. Nilikuwa na mpango: nyumba ikiwa giza tarehe 24, Colleen atafikiri nimeugua au nimesafiri, ataondoka Januari bila kujua.

“Utamdanganya mpaka lini?” Patrice akauliza, huku anakaza skrubu.

Nikasema mpaka nife. Akasema kwa umri wangu, huo ni muda mrefu, na akaomba nimpe bisibisi ndogo.

Jumanne, 24 Desemba

Alikuja saa kumi na moja na nusu, gari la bluu, mkabala na kwa Gus. Nyumba ilikuwa giza, onyesho la Patrice likingoja saa yake. Nilivaa koti nikavuka barabara. Sijawahi kuvuka kwenda upande huo tarehe 24. Nikagonga kioo cha upande wa abiria, akafungua mlango, nikaingia. Ndani kulikuwa na joto, kulinuka peremende za asali, kopo lake liko kati ya viti. Redio ilikuwa imeshawashwa, inakoroma tu.

Nilimwambia yote. Sanduku, silikoni, Patrice, maji, kadi, Pittsburgh. Niliongea nikitazama mbele. Nilipofika mwisho nikamwambia pia lile la pazia la jikoni, na kwa nini sikumpa, kwamba niliogopa akiipata hatakuja tena.

Kisha onyesho likaanza lenyewe, taa zikawaka, muziki ukaja moja kwa moja, bila mtu kutukaribisha. Alizima redio. Tukatazama taa zikicheza bila sauti.

“Ulikuwa unaniona,” akasema.

“Kila mwaka.”

“Mwaka wa kwanza nilikaa hapa saa nzima. Nilikuja kwa ajili yake, na nilikuja kwa ajili yako. Nilijiambia ukitoka tu, hata ukiniletea kahawa tu, nitarudi nyumbani. Nilikuwa bado simjui Wendell.”

Alikuwa halii, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Niambie alivyosema,” akasema. “Angalau hilo unipe. Wewe umemsikia kuliko mimi.”

Nikamwambia. Karibuni kwetu, msishuke garini nje baridi, zimeni taa zenu ili muone zetu, Baba amezifunga zote tangu Oktoba.

“Baba na Mama,” Colleen akasema.

“Alisema Baba.”

“Baba na Mama wamezifunga. Mimi ndiye niliyekushikia ngazi mwaka ule, Denny. Nilikuwa nimesimama nyuma yake akirekodi. Alinigeukia akaninyooshea kidole aliposema Mama.”

Nilitaka kukubali. Mungu anajua nilitaka. Lakini nilipomsikiliza kichwani alisema Baba, na nilipojaribu kuongeza Mama haikuwa sauti yake tena. Nikasema sijui. Akasema na yeye sasa hajui, kwa sababu nimesema hivyo kwa uhakika. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie garini, na nikaona nimemharibia hata kile kidogo alichokuwa amekuja nacho.

“Shuka, tafadhali,” akasema, kwa upole.

Nikashuka. Hakungoja onyesho la pili.

Alhamisi, 26 Desemba

Sikuwasha. Gus alileta chakula akakiacha mlangoni.

Jumamosi, 4 Januari

Nimeshusha taa zote, nimezitoa kwa chama. Patrice na watu wa chama wamekuja na magari mawili wakabeba makreti kumi na manne, nyota, fremu na ngazi moja. Patrice alitaka niandike orodha ya nani amechukua nini. Nikamwambia sihitaji. Alinikumbatia, jambo ambalo hatujawahi kufanya, kofia yake ikaanguka kwenye theluji.

Colleen ameondoka jana. Gus ameliona lori la kuhamishia.

Kila asubuhi nikinyoa nasema maneno yale kwa sauti mbele ya kioo, yasije yakapotea. Siku nyingine nasema Baba, siku nyingine nasema Baba na Mama, nione lipi litafanana naye. Yote mawili yanatoka kwa sauti ya mzee wa miaka sitini na mbili.